Mita Tano, Mita Tano

Bwana Pyo aliulaza waya juu ya meza
kama anayelaza mtoto:
umesukwa kwa uzi mweusi wa hariri,
ncha zake zimechovywa dhahabu,
una kisanduku chake, na kisanduku kina ufunguo.
"Huu," akasema, "unaondoa ukungu kwenye sauti."
Bei yake pensheni ya miezi mitatu.

Baba yangu, Tak Yong-gil,
miaka thelathini na mmoja mchomeleaji wa meli hapa Busan,
hakuugusa.
"Ndani kuna nini?"
"Shaba."
"Na ule wa kule chini, uliozungushwa kwenye gurudumu?"
Bwana Pyo akakohoa.
"Shaba."

Kizuri chajiuza, husemwa,
na kibaya kikijitembeza angalau huchoka miguu.
Hiki kilikuwa kimekaa kwenye mto, kinatungoja.

Nikasoma nilichoandika nyuma ya risiti ya samaki:
spika za omu nane,
ya kushoto mita mbili kutoka kwenye amplifaya,
ya kulia tano, kwa kuuzunguka mlango.
"Milimita mbili na nusu zinatosha," nikasema.
"Hata moja na nusu. Umeme wa nyimbo si wa kuchomelea."
Baba alinitazama mdomoni.
Masikio yake aliyaacha ndani ya matangi ya meli,
na sauti zote nyembamba: matoazi, ndege, kengele ya mlango.
Akasema kwa nguvu, duka zima likageuka:
"Mita tano, mita tano. Pande zote sawa.
Huwezi kumpa mmoja njia ya mkato
halafu umlaumu mwenzake kwa kuchelewa."

Si kweli, najua. Katika mita tatu
umeme hauchelewi hata robo ya kupepesa kope.
Nilinyamaza. Nikalipa mita kumi.

Nyumbani tulivuta kabati.
Nyuma yake vumbi la miaka kumi na moja,
kifungo cha koti, sindano mbili,
na nyaya za mama, Bun-i,
alizozifunga mwenyewe mwaka wake wa mwisho:
nyembamba, za taa ya kitandani,
zimeungwa kwa plasta ya jeraha.
Kushoto, nyekundu kwa nyekundu.
Kulia, nyekundu kwa nyeusi.

Nilipiga magoti kwenye sakafu yenye moto
nikafuatisha upya kwa kidole.
Nyekundu kwa nyeusi.
Miaka kumi na moja spika moja ikisukuma hewa,
nyingine ikiivuta,
besi zikiuana katikati ya chumba,
na sisi tukisema basi, spika hizi ndivyo zilivyo,
zina sauti ya mbali.

Baba hakutaka koleo. Alichuna plastiki kwa meno,
akasokota nywele za shaba kwa gumba na shahada
asibakize hata mmoja nje
(unywele mmoja ukimgusa jirani, amplifaya kwaheri),
upande wenye mstari kwenye chanya,
usio na mstari kwenye hasi,
kisha akavuta kila mmoja, kuona kama umeshika,
alivyozoea kupima kila kitu maishani.

Tukaweka santuri ile ile.
Mwimbaji aliyekuwa ametapakaa ukutani
akajikusanya.
Sauti ikasimama katikati,
kimo cha mtu aliyeketi,
pale penye cherehani ya mama,
ambapo hakuna spika.

Sikumwambia. Nilidhani hasikii.
Yeye akanyoosha mkono, akazima taa,
kisha akakisogeza kiti cha cherehani
inchi chache kushoto.

Waya wa kushoto ulizidi mita tatu.
Upo mpaka leo nyuma ya kabati, umelegea,
unakusanya vumbi lake mwenyewe.
Nilimwomba niukate.
"Uache," alisema.
"Nani ana haraka?"